Tengeneza mwenyewe mchezo wa karata na vyombo vya anga: kuanzia manila hadi mezani

Mwaka 2004 kampuni ya Kimarekani ya WizKids ilitoa Pirates of the Spanish Main, mchezo wa meli za kivita zilizobanduliwa kutoka kwenye vibao vya plastiki vyenye ukubwa wa kadi ya benki. Unafungua pakiti, unatoa vipande, unavichomeka, na meli imesimama mezani. Mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ikahamishia ufundi huo angani kwa Star Wars PocketModel, safari hii ikiuunganisha na karata za kukusanya: vyombo vinapigana mezani, na mkononi una karata zinazogeuza mambo. Novemba 2008 Topps, waliokuwa wakiimiliki WizKids, walitangaza kuifunga. Mwaka uliofuata jina lake lilinunuliwa na kampuni ya NECA, lakini PocketModel haikurudi, na leo anayeutaka mchezo ule hana budi kuutafuta kwa watu wanaouza vilivyotumika.

Mimi naona kuna njia bora zaidi, nayo ni kuutengeneza mwenyewe. Ufundi wake hauhitaji kiwanda. Unahitaji manila, kisu kizuri, gundi na subira, na mwisho wake unapata mchezo ambao kila tarakimu ndani yake unaijua na unaweza kuibadilisha.

Kuna jambo moja ambalo michezo ile ya WizKids ililipatia, na ndilo nguzo ya mwongozo huu wote. Katika Pirates, kila mlingoti wa meli ni mzinga. Ukipigwa, unang'oa mlingoti mmoja, na kuanzia hapo meli yako ina mzinga mmoja pungufu. Hakuna kuandika pembeni, hakuna kuhesabu njiti za kiberiti. Ukitupa jicho mezani unaona nani anazidiwa. Basi shika kanuni hii: chombo kibebe tarakimu zake chenyewe mwilini, na kikijeruhiwa kibomoke kweli. Karata ziachiwe kazi nyingine.

Vifaa

Tafuta manila nene, ya gramu 300 ikipatikana. Karatasi moja ya aina hiyo ina unene wa takriban milimita 0.4, kwa hiyo ukigandisha mbili pamoja unapata takriban 0.8, karibu sawa na kadi ya benki, ambayo ni 0.76. Huo ndio unene unaofaa kwa kazi hii: chombo hakipindi, na kisu bado kinapita bila kupigana nacho.

Vingine ni kisu cha karatasi chenye bledi za kuvunja, rula ya chuma (ya plastiki italiwa na kisu, halafu kisu kitakula kidole), gundi nyeupe ya mbao, msasa laini, na kipande kinene cha boksi cha kukatia juu yake. Kadi za plastiki zilizokwisha muda nazo zinafaa sana kwa vyombo, ilimradi ukate na kutupa sehemu yenye namba, chipu na utepe wa sumaku. Usizipashe moto ili kuzipinda, kwa sababu nyingi ni za PVC, na PVC ikiungua hutoa gesi inayochoma macho na mapafu.

Kugandisha manila

Watu wengi huharibu kazi hapa, kabla hata ya kushika kisu. Gundi ikiwa nyingi, karatasi inalowa na kukunjamana, na kila kitu kinachofuata kitakuwa kimepinda. Mimina gundi kidogo katikati, isambaze kwa ukingo wa kadi ya zamani hadi ibaki utando mwembamba tu unaong'aa, kisha laza karatasi ya pili juu yake. Hakikisha nyuzi za karatasi zote mbili zinaelekea upande mmoja. Kuzijua, ikunje manila kidogo kwa urefu, halafu kwa upana: upande unaokunjika kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Weka katikati ya vitabu vizito hadi kesho yake.

Kwa wanaoishi Pwani, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevunyevu ni adui wa kweli. Manila hufyonza maji ya hewani na kuvimba, na mpasuo uliokuwa unakaa sawasawa mwezi wa kiangazi unabana wakati wa masika. Paka vanishi isiyo na rangi pande zote mbili, mara moja, kabla ya kukata. Vanishi nayo inaongeza unene, ndiyo maana inakuja kabla na si baada.

Kuchora chombo cha kwanza

Chora vibao vya milimita 86 kwa 54. Karatasi ya A4 inatoa vibao kumi vya ukubwa huo, na chombo kimoja kinahitaji viwili. Vyombo vitatu kwa kila mchezaji, wachezaji wawili, ni vibao 12, yaani jozi mbili za A4 zilizogandishwa.

Kwa umbo, nashauri uanze na chombo chenye mwili wa ngalawa: mwili mwembamba katikati na tengo, yaani ubao wa pembeni wa kuuzuia usipinduke, kila upande. Umbo hilo halianguki ovyo, lina nafasi ya kutosha ya kuchomeka vitu, na likiwa juu ya stendi linaonekana kweli kama kitu kinachosafiri kati ya nyota.

Kibao cha kwanza ni cha sitaha, yaani sehemu ya juu ya chombo. Chora mwili wenye urefu wa milimita 80 na upana wa 16, uliochongoka omo, yaani mbele. Kila upande toa mikono miwili yenye urefu wa milimita 8, ishike tengo lenye urefu wa 40 na upana wa 8. Upana wote unakuwa milimita 48, unaingia kwenye kibao bila shida. Hivyo vyote ni kipande kimoja, usivikate mbalimbali. Sasa weka mipasuo. Katikati ya mwili, kuanzia milimita 30 hadi 50 kutoka omo, upite mpasuo wa mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Mbele yake, kati ya 8 na 16, mpasuo wa pezi la omo. Nyuma, kati ya 64 na 72, wa pezi la tezi. Kila tengo nalo lipate mpasuo wa milimita 8 katikati yake, unaofuata urefu wa tengo.

Kibao cha pili kina vilivyobaki:

- Mkuku: urefu milimita 44, kimo 9, na juu yake katikati ulimi wenye upana wa 20 na kimo cha 3.
- Mapezi manne: kila moja upana 10 na kimo 13, na chini ulimi wenye upana wa 8 na kimo cha 3.
- Mguu wa kwanza wa stendi: upana 30, kimo 32, na mpasuo unaoshuka kutoka juu hadi katikati, yaani milimita 16.
- Mguu wa pili: upana 30, kimo 40. Chini una mpasuo unaopanda milimita 16, na juu una mpasuo unaoshuka milimita 8.

Miguu hiyo miwili inaingiliana kama msalaba. Wa pili unazidi wa kwanza kimo kwa milimita 8 kwa makusudi: mkuku wa chombo unaingia kwenye mpasuo wake wa juu na kukaa juu ya mgongo wa mguu wa kwanza. Ukivilinganisha kimo, mkuku utagonga mguu wa kwanza na chombo hakitakaa.

Kukata

Kata mipasuo kwanza, ukiwa na kibao kizima cha kushikilia. Mzunguko wa nje uje mwisho. Ukianza na mzunguko, utajikuta unatoboa mpasuo kwenye tengo la milimita 8 lisilo na pa kushika, na litakatika.

Mpasuo mmoja ni mistari miwili sambamba iliyoachana kwa unene wa manila yako. Usikandamize kisu kwa nguvu ukitaka kumaliza kwa mpigo mmoja. Pitisha kwa wepesi, tena na tena, hadi kisikike kimegusa boksi. Kisha kata ncha mbili fupi na usukume utepe ule utoke. Kata mpasuo mwembamba kidogo kuliko unavyodhani unahitaji. Mpasuo mwembamba unatanuka kwa kupitisha msasa uliokunjwa mara mbili, lakini uliotanuka haurudi.

Kipimo cha pezi zuri ni hiki: ukigeuza chombo juu chini na kukitikisa, pezi halidondoki, ila ukilivuta kwa vidole viwili linatoka bila kukwaruza. Jaribu kila moja. Likilegea, paka tone la gundi kwenye ulimi peke yake, liache likauke kabisa, kisha lichomeke upya: tone hilo linaongeza unene kiasi cha kutosha. Mkuku ndio pekee unaogandishwa moja kwa moja.

Tarakimu za chombo

Kila pezi ni mzinga, na juu yake unaandika tarakimu 2, 3 au 4. Ukipiga, unarusha dadu moja ya kawaida kwa kila pezi, na unapata shabaha ukitoa zaidi ya tarakimu iliyoandikwa. Kwa hiyo pezi la 2 linapata mara nne katika sita, la 3 nusu kwa nusu, la 4 mara mbili katika sita. Chombo kilichopigwa kinang'olewa pezi moja, na mwenye chombo ndiye anayechagua lipi. Kikiisha mapezi yote, pigo linalofuata linakiondoa mezani.

Umbali usipimwe kwa rula. Pirates walitumia kingo za kadi yenyewe, upande mfupi na upande mrefu, na sijaona njia iliyo safi kuliko hiyo. Karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88. Mwendo wa chombo unaandikwa kwa herufi F kwa upande mfupi na M kwa upande mrefu: chombo chenye MM kinasogea pande ndefu mbili kwa zamu, chenye FF pande fupi mbili. Kwa kuanzia, mapezi yote yapige umbali wa M moja, ukipima kutoka kwenye pezi hadi sehemu iliyo karibu zaidi ya sitaha ya adui.

Sasa bei. Pezi la 2 pointi 4, la 3 pointi 3, la 4 pointi 2. Kila F pointi 1, kila M pointi 2. Pezi la 4 linaweza kuonekana ghali kwa silaha dhaifu namna ile, ila kumbuka pezi ni uhai pia. Tuchukue mifano miwili. Chombo chepesi, kiite Utaridi, kina mapezi mawili ya 3 na mwendo MM: 6 na 4, jumla pointi 10. Chombo kizito, Zohali, kina mapezi ya 2, 3, 3 na 4 na mwendo FF: 12 na 2, jumla 14. Zohali ikiwa nzima inapata shabaha mbili kwa zamu kwa wastani, Utaridi moja. Kila mchezaji apewe pointi 40 za kupanga kikosi chake: Zohali mbili na Utaridi moja ni 38, au Utaridi nne kamili. Hapo mabishano yanaanza kabla ya mchezo wenyewe, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimetumia majina ya sayari ya Kiswahili kwa sababu yapo, ni mazuri, na hayana mwenyewe. Mirihi, Zuhura, Mshtarii, hata kundi la nyota la Kilimia: orodha ni ndefu. Vyombo na majina ya Star Wars ni mali ya Lucasfilm, ambayo Disney iliinunua mwaka 2012. Kwa hiyo ukitaka siku moja kuuza mchezo wako, jenga ulimwengu wako tangu siku ya kwanza.

Karata

Kila mchezaji awe na fungu la karata 36. A4 moja inatoa karata tisa za milimita 63 kwa 88, hivyo fungu moja ni kurasa nne. Printa nyingi za steshenari hukwama zikipewa manila ya gramu 300. Njia rahisi ni hii: chapisha kwenye karatasi ya kawaida, nunua karata za bei nafuu za kuchezea na mifuko ya plastiki ya kuhifadhia karata ya milimita 66 kwa 91, kisha ingiza karatasi yako mbele ya karata ndani ya mfuko. Migongo yote inafanana, zinachanganyika vizuri, na ukitaka kubadilisha maandishi unatoa karatasi moja tu. Wakati wa majaribio hata peni inatosha.

Gharama iandikwe pembe ya juu kushoto. Mtu akizitandaza karata mkononi, pembe hiyo ndiyo anayoiona. Jina liwe juu, maelezo chini kwa sentensi moja. Karata inayohitaji sentensi tatu inahitaji kufikiriwa upya.

Na gharama hulipwa kwa nini? Michezo mingi ya karata za kukusanya, tangu Magic ya Richard Garfield mwaka 1993, ina karata maalumu za kuzalisha nguvu ya kulipia nyingine. Kwenye mchezo mdogo kama huu mimi nazipinga, kwa kuwa unaweza kukaa zamu tatu ukiwa na karata nzuri usizoweza kuzicheza. Badala yake, lipa kwa kutupa karata nyingine za mkononi. Karata yenye gharama 2 inakutaka utupe mbili. Hapo hata garasa lina kazi, na kila malipo yanauma kidogo, kwa sababu unachagua cha kukipoteza.

Gawanya fungu hivi: karata 16 za amri, 10 za hujuma, 6 za marubani na 4 za mafundi. Amri ni kama Kasi ya Dharura, gharama 1, chombo kimoja kinaongeza M moja zamu hii. Hujuma ni kama Vumbi la Kimondo, gharama 0, chombo kimoja cha mpinzani kinapoteza F moja katika mwendo wake ujao. Rubani, gharama 2, anawekwa chini ya stendi na kubaki humo: pezi moja la chombo chake likikosa linarusha dadu mara ya pili. Chombo kikiangamia, naye anaondoka. Fundi, gharama 2, anarudisha pezi moja lililong'olewa. Fundi wasizidi wanne, la sivyo mchezo hauishi.

Idadi ya nakala ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika fungu la 36, ukianza na karata tano mkononi, karata yenye nakala mbili utaipata mwanzoni kwa asilimia 26, yenye tatu asilimia 37, yenye nne karibu asilimia 47. Ukiwa na karata ambayo mbinu yako yote inaitegemea, weka nne. Karata ya kushtukiza iwe moja au mbili.

Namna ya kucheza

Tandika kitambaa cheusi cha sentimita 60 kwa 60. Kila mchezaji anaweka vyombo kwenye ukingo wake, na karata tatu za ziada zinazowakilisha vituo vyake, kifudifudi, umbali wa M moja kutoka ukingoni. Changa karata, mpinzani akate, kila mmoja avute tano. Kwenye zamu yako vuta moja, sogeza vyombo vyote unavyotaka, kisha piga. Karata unacheza wakati wowote ndani ya zamu yako. Ukimaliza zamu usibaki na zaidi ya sita.

Chombo kilichogusa kituo cha adui na kikabaki hapo hadi zamu yako inayofuata kinakiteka. Wa kwanza kuteka vituo viwili ameshinda. Vilevile anayemaliza vyombo vyote vya mwenzake. Anayeanza hapigi katika zamu yake ya kwanza wala havuti karata, kwa sababu kuanza ni faida.

Kupima na kurekebisha

Weka daftari kando ya meza. Kila mchezo andika nani alianza, nani alishinda, kwa vituo au kwa kuangamiza, na karata gani zilibaki mkononi bila kuchezwa. Karata inayobaki kila mara ama ni ghali mno ama haina wakati wake. Punguza gharama kwanza, usiguse maelezo. Kama ushindi wote unakuja kwa kuangamiza na vituo vimesahaulika, punguza umbali wa kupiga kwa mapezi ya 2 uwe F badala ya M. Kama Utaridi zinakimbilia vituo na mchezo unaisha kabla Zohali hazijafika katikati, pandisha bei ya M ya pili iwe pointi 3. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ucheze mara kadhaa, ndipo uguse kingine.

Kukusanya na kubadilishana

Hapa ndipo mchezo unapotoka mezani kwako na kuingia kwa wenzako. Mkiwa kundi la watu sita au wanane, tengenezeni pakiti: bahasha iliyofungwa yenye chombo kimoja, kwenye vibao vyake viwili, na karata tano. Kila mtu achukue pakiti bila kujua kilichomo, halafu mbadilishane. Vyombo vikae kwenye kibao bila kubanduliwa hadi mwenyewe aamue: kata mzunguko kwa nukta nukta, ukiacha vishikio viwili au vitatu vya milimita moja, na vitabanduka kwa kidole.

Adimu isiwe na maana ya nguvu. Chombo kinachopatikana kimoja tu katika kundi zima kiwe na mchoro wa pekee au mwendo usio wa kawaida, kwa mfano FM, lakini bei yake ifuate hesabu ileile ya vingine vyote. Anayekipata afurahi kuwa nacho, na asiyekipata asishindwe kwa sababu hiyo. Mbadilishano wa haki ni karata kwa karata au chombo kwa chombo, na wadogo wasibadilishane na wakubwa bila mtu wa tatu kushuhudia.

Vyombo vilivyoundwa vihifadhiwe kwenye boksi la viatu, vikiwa vimeng'olewa stendi, na mapezi ya kila chombo kwenye bahasha yake ndogo yenye jina. Tupia humo vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kila pezi liandikwe kwa nyuma herufi ya chombo chake, maana siku boksi likipinduka, mapezi 20 yanayofanana sakafuni ni kazi ya jioni nzima.